Kadi 64 za binti yangu

Mwaka jana, wiki tatu kabla binti yangu hajaenda Addis Ababa kusomea ndege aina ya Boeing 737-800, kibaraza chetu cha Kimara kiligeuka darasa la usiku. Mwanafunzi alikuwa yeye. Mwalimu, msomaji usicheke, nilikuwa mimi: dereva wa malori niliyestaafishwa na mgongo, na Kiingereza changu ni kile cha mpakani Tunduma.

Leseni ya urubani alikuwa nayo tayari. Lakini wazazi wenzangu mnaosomesha watoto kazi hii mtakuja kujua, kama nilivyojua mimi baada ya kuuza kiwanja cha Chanika, kwamba leseni peke yake haimruhusu mtu kukaa kwenye kiti cha ndege yoyote ile. Kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake na mtihani wake. Na kabla ya kuingia kwenye simuleta, kile chumba kinachotikisika kama ndege ya kweli, kuna mipaka ya ndege ambayo rubani anatakiwa kuijua kwa kichwa. Namba tupu. Ukiulizwa hufungui kitabu, kwa sababu siku utakayoihitaji huenda usiwe na nafasi ya kufungua kitabu.

Alikata kadi 64 kutoka kwenye karatasi za manila. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kazi yangu ilikuwa kusoma swali, kungoja, kisha kuangalia kama alichosema kinalingana na kilichoandikwa. Mama yao alikaa pembeni akichambua mchele, na kufikia wiki ya pili alikuwa anajibu baadhi ya kadi kabla ya mwenye mtihani.

"Kimo cha juu kabisa cha kuruka?"

"Futi 41,000."

"Kiwanja kiwe juu kiasi gani mwisho?"

"Futi 8,400."

"Upepo wa mgongoni wakati wa kutua?"

"Noti 10."

Noti hizo si za benki. Ni kipimo cha kasi ya ndege na meli, na noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Ina maana upepo wa kilomita kama 18 tu kwa saa ukiisukuma ndege hiyo kutoka nyuma, ndio mwisho, labda shirika liwe limenunua ruhusa ya zaidi. Upepo wa kiasi hicho sisi wa barabarani hatuusikii hata kidogo. Nikamwambia hivyo. Akanieleza kwamba ndege hutua ikielekea upepo unakotoka ili hewa iisaidie kupunguza mwendo; ukitua na upepo mgongoni unafika chini ukiwa na kasi kubwa zaidi ya ardhi, na lami ya mbele yako ni ileile, haiongezeki.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa msomaji wa kadi tu. Kila namba nikawa nataka kujua sababu yake.

Ile ya futi 8,400 nilidhani ni ndogo mno, mpaka akanipa mifano. Kiwanja cha Addis Ababa kiko futi 7,625, kwa hiyo kimo ndani. Cha Bogotá, Colombia, kiko futi 8,361: kimepona kwa futi 39. Cha El Alto kule La Paz, Bolivia, kiko juu ya futi 13,000, na 737 ya kawaida haina ruhusa ya kutua hapo, mpaka iwe imeandaliwa maalumu. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini inapungukiwa nguvu, bawa linadai kasi kubwa zaidi ndipo libebe, na breki nazo zinakuwa na kazi zaidi ya kuisimamisha ndege. Mtu aliyepandisha lori lenye mzigo toka pwani hadi Makambako anaijua habari ya injini kukosa pumzi, haihitaji kuhadithiwa.

Kulikuwa na kadi mbili za magurudumu. Kuyashusha, mwisho noti 270. Kuyakunja, mwisho noti 235. Magurudumu ni yaleyale, mbona namba mbili? Akasema wakati wa kukunja mashine inafanya kazi ya kuinua huku upepo unapinga, na gurudumu la mbele la ndege hiyo hukunjwa kwa kuelekea mbele, uso kwa uso na upepo. Kulikuwa na ya flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua: ukipita futi 20,000 usiviguse kabisa. Kulikuwa na ya joto la injini, nyuzi 950 kwa dakika 5 wakati wa kuruka, na nyuzi 725 wakati wa kuiwasha. Hiyo ya 725 ilimpa taabu. Kila usiku alikuwa anaikosa, na mama yake anaipata.

Lakini kadi zilizonikalia kichwani ni za uzito, kwa kuwa uzito ndio kazi niliyoifanya miaka 27.

Ndege aliyokuwa anaisomea, ile yenye kibali kikubwa kabisa, inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 79,015. Kutua, kilo 66,360. Nikadhani nimesoma vibaya. Lori likitoka Dar na tani 50 linafika Tunduma na tani 50, ukitoa dizeli. Hii inaruhusiwa kuondoka na uzito ambao hairuhusiwi kurudi nao. Akasema ndiyo, kwa sababu njiani inachoma mafuta, na kugusa ardhi ni kishindo kinachoumiza kuliko kuondoka.

"Sasa mkiharibikiwa dakika 10 tu baada ya kuruka?"

"737 haina njia ya kumwaga mafuta angani. Kama shida inasubiri, tunazunguka mpaka uzito ushuke. Kama haisubiri, moto kwa mfano, rubani anatua na uzito huohuo. Sheria inamruhusu kuvuka mpaka kwa dharura. Ila akifika chini anaandika, na mafundi wanaikagua ndege kabla haijaruka tena."

Anaandika. Neno hilo nalo nililisikia vizuri.

Nikamuuliza swali la kidereva. "Na hii 79,015 ina asilimia 5 ya msamaha?"

Wasiokaa barabarani niwaeleze. Kwenye mizani zetu kulikuwa na unafuu wa asilimia 5 juu ya uzito wa kisheria, kwa kuwa mizani haziko sawasawa na mzigo nao husogea njiani. Unafuu huo uliwekwa kwa ajili ya makosa madogo. Sisi madereva na matajiri wetu tuliuhesabu kama haki yetu ya kuzaliwa. Gari la tani 56 kwetu lilikuwa gari la karibu tani 59, na tulilipakia hivyo tangu asubuhi.

"Haina, Baba."

"Hata kilo 100?"

"Hata 100. Akiba ipo, lakini si yetu."

Akachukua karatasi akanichorea. Ndege hiyo, flapu zikiwa zimekunjwa, imepewa mpaka wa kubeba hadi mara 2.5 ya uzito wake, kwa mfano inapokatwa kona kali au inapopigwa na hewa mbaya. Wahandisi hawajaishia hapo. Kanuni inawataka muundo wa ndege uhimili mara 1.5 ya mzigo huo mkubwa kabisa unaotarajiwa, bila kuvunjika. Kwa hiyo kati ya mpaka wa rubani na mahali ambapo chuma kinaweza kukatika kuna nafasi. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya vitu ambavyo hakuna aliyevipanga: upepo wa ghafla, ufa usioonekana, kosa la mtu mwingine. Rubani anayekula akiba hiyo kwa makusudi anaimaliza kabla ya siku yake kufika.

Mama yao aliacha kuchambua mchele. "Kumbe ni kama hela ya msiba," akasema. Tukacheka, lakini sijasikia mtu aliyeieleza vizuri kuliko yeye.

Usiku mmoja katika wiki ya mwisho, nilipomsomea tena kadi ya futi 41,000, alijibu halafu akanisimulia kisa wanachofundishwa marubani wengi. Tarehe 14 Oktoba 2004 kule Marekani, marubani wawili walikuwa wanahamisha ndege ndogo ya jeti ya abiria 50, aina ya CRJ200, kutoka Little Rock kwenda Minneapolis. Ilikuwa tupu, hakuna abiria. Nahodha alikuwa na miaka 31, msaidizi wake 23. Safari ilipangwa kwenda futi 33,000. Kwa kuwa walikuwa peke yao wakaamua kupanda hadi 41,000, mwisho kabisa wa ndege ile, waone itakuwaje.

"Basi hawakuvuka mpaka," nikasema.

"Namba ya kimo hawakuivuka. Ila walipanda kwa namna ambayo kasi iliwaishia." Pale juu hewa haikutosha, ndege ikapoteza mwendo, ikaanza kutoa onyo, ikaanguka kutoka kwenye mstari wake na injini zote mbili zikazima. Hazikuwaka tena. Walianguka karibu na Jefferson City, Missouri, wote wawili wakafa.

Aliponyamaza nilidhani amemaliza. Kumbe kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa bado. Baada ya injini kuzima, ndege ilikuwa juu sana na kulikuwa na viwanja kadhaa ambavyo wangeweza kuvifikia kwa kuteleza tu bila injini. Lakini waliwaambia waongozaji wa ndege kwamba imezima injini moja. Zaidi ya dakika 10 zilipita ndipo wakasema ukweli kuwa ni zote mbili, na wakati huo vile viwanja vilikuwa vimekwisha kuwa mbali.

"Baba, kwa nini mtu aseme moja wakati ni mbili?"

Nikasema labda waliogopa kuulizwa walifuata nini huko juu. Akatikisa kichwa. Halafu, akiwa bado amezishika kadi mkononi, akaniuliza, "Ile ajali yako ya Kitonga, ulikuwa na tani ngapi?"

Nikamwambia, "Kalale, mama. Kesho utaamka mapema."

Mwaka 2010 nilikuwa natoka Mafinga na mbao kuja Dar. Mizani nilipita salama, karatasi zikagongwa mhuri. Tulipofika Ilula tajiri akapiga simu: kuna magunia 60 ya vitunguu ya mtu wake, yapandishwe juu. Tukapandisha usiku. Ni zaidi ya tani 6. Tungepitaje mizani ya mbele nisieleze hapa. Wenye kazi hiyo wanajua na wengine haiwasaidii kujua. Na mimi nilikuwa sijalala usiku wa pili, kwa sababu tajiri alitaka mzigo uwahi na mimi nilitaka posho ya kuwahi.

Mteremko wa Kitonga unaushuka kwa gia ndogo, injini ndiyo ishike, breki uziguse kidogokidogo. Kila dereva anajua. Nilianza kuushuka na gia iliyotosha mzigo wa kwenye karatasi, si mzigo uliokuwa juu ya gari. Kona ya tatu nikasikia harufu ya breki. Kona iliyofuata kanyagio likawa laini. Nilichagua ukuta wa mlima badala ya bonde, na hiyo ndiyo akili pekee niliyotumia siku ile. Mimi nilitoka na mbavu na mgongo. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Nilisema breki zilifeli. Tajiri akasema hivyohivyo. Vitunguu vilivyotapakaa barabarani viliokotwa na watu kabla ya polisi kufika, na hakuna aliyeuliza vilitoka wapi. Nyumbani nilisema breki zilifeli. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza au la pili. Ndiyo hadithi aliyokulia nayo, baba yake shujaa aliyelibana lori kwenye mlima.

Alikwenda Addis, akafaulu, akarudi, akaanza kazi. Hatukuzungumza tena habari ya tani.

Mwezi Machi mwaka huu, saa 9 usiku, simu ikaita. Alikuwa yeye, yuko kwenye chumba alichopanga karibu na kazini. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu jioni, hajapata usingizi, na gari la kumchukua lilikuwa linakuja saa 10 na nusu. Rubani akijua afya yake imepungua haruhusiwi kuruka, na hiyo ni kanuni ya dunia nzima, si ya shirika moja. Anaijua kuliko mimi. Lakini alikuwa mgeni kazini. Aliogopa kuonekana mvivu, au mwanamke wa visingizio. Sehemu ya malipo yake inatokana na saa anazoruka. Na mimi, nisiwafiche, wiki ile nilikuwa nasubiri hela yake kumlipia mdogo wake ada ya kidato cha tano.

Ulimi wangu ulikuwa umeshalifikia neno moja: jikaze. Ndilo neno la nyumba yetu. Mtoto akianguka, jikaze. Akiwa na homa siku ya mtihani, jikaze. Nimelirithi kwa baba yangu na nimelitumia kwa watoto wote wanne, na siwezi kusema halikuwasaidia; huyu rubani mwenyewe limemsaidia kufika alipo.

Badala yake nikamuuliza, "Kadi inasemaje?"

"Hakuna kadi ya kuharisha, Baba."

"Ingekuwepo ingesemaje?"

Akanyamaza kidogo. Akasema ingesema apige simu kwa wapangaji wa safari sasa hivi, asingoje gari lifike, ili wapate muda wa kumwita mwingine. Nikamwambia apige basi, halafu anipigie tena. Alinipigia baada ya dakika kama 7. Hawakumfokea. Walimwambia aandike, apumzike, akamwone daktari.

Sote wawili tulikuwa tumeshaamka, na mama yake pia. Nikatoka kibarazani na simu. Nikamwambia, "Uliniuliza tani ngapi. Karatasi ilisema 54. Zilikuwa 60 na kitu. Na nilikuwa sijalala siku mbili."

Hakusema kitu kwa muda. Nilisikia anavuta pumzi. Kisha akauliza, "Na kaka wa mguu, anajua?"

Sikuwa na jibu. Kaka wa mguu, ndivyo watoto walivyomwita, yuko Makambako. Ana kibanda cha kutengeneza simu. Kila Krismasi huwa namtumia kitu kidogo, ananishukuru, tunaulizana hali, tunakata. Miaka yote hiyo.

Asubuhi ile nilichemsha chai nikaiacha ipoe. Saa 3 nikampigia. Nikamwambia sikupiga kwa salamu tu, kuna neno la Kitonga. Nikamwambia mzigo ulikuwa umezidi, breki hazikufeli zenyewe, na nilijua tangu Ilula.

Alikaa kimya, nikasikia redio ya kibandani kwake na mtu anauliza bei ya kioo cha simu. Akamjibu yule mteja kwanza. Kisha akasema, "Mzee, yale magunia 60 alipanga nani juu ya mbao? Turubai alifunga nani?"

Nikasema ni yeye.

"Sasa." Akanyamaza tena. "Nilikuwa najiuliza tu kama na wewe unakumbuka."

Nilitaka kuomba msamaha vizuri, nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini yalitoka vipandevipande na sijui aliyasikia yapi. Alisema tutaongea nikienda, nisiyamalize kwenye simu. Nimemuahidi mwezi wa Agosti. Halafu, kama mtu anayetafuta pa kushikia, akaniuliza habari za yule mtoto wangu rubani, leo yuko nchi gani.

"Hajaruka leo," nikamwambia. "Amelala."